UV kwenye tanki la matumbawe nyumbani: lini inalipa, lini ni taa ya bluu tu

Jibu kwanza, maana najua wengi mnatafuta hilo tu. UV, yani ile taa ya mionzi ya urujuanimno unayopitishia maji ya tanki, inafaa, ila ndani ya tanki ina kazi tatu, na kama shida yako haimo kwenye hizo tatu basi unanunua urembo wa kabati. Kazi zenyewe ni kusafisha maji yaliyogeuka kijani au yenye ukungu wa bakteria, kupambana na dino (dinoflageti, vijiumbe vinavyoleta ute wa kahawia) za aina fulani (sio zote, ntafika huko), na kupunguza makali ya madoa meupe, ule ugonjwa wa kimelea, kwa samaki. Nimesema kupunguza makali, sijasema kutibu, na hapo ndo wauzaji wengi wanapopindisha maneno.

Tanki langu ni la lita 400 na sampu (tanki dogo la mitambo) chini yake, liko Dar, maji natumia ya bahari ya kuchota, ndani kuna matumbawe laini na ya mawe mchanganyiko na samaki wachache, mmoja wao kangaja wa buluu, yule Acanthurus leucosternon wa bahari yetu hii hii, ambae kila anaemfuga anajua ni mteja namba moja wa madoa meupe. Humo zimepita UV tatu: ile ndogo ya kutumbukiza ya wati 9 yenye pampu yake ndani, silinda la Kichina la wati 55, na sasa Aqua UV Classic ya wati 25. Ntazisema zote, ila kwanza lazima tuelewane hiki kitu kinafanyaje kazi, bila hivo utaamini maandishi ya boksi.

Ndani kuna taa ya zebaki inayotoa mionzi ya UVC ya karibu nanomita 254. Taa imevalishwa mrija wa kwatzi kwa sababu kioo cha kawaida kinaizuia UVC, na maji yanapita kati ya mrija na ganda la nje. Kiumbe kikipita hapo DNA yake inaharibika, hakizaliani tena. Kinachoamua kila kitu ni dozi, yani nguvu ya mwanga ukizidisha kwa muda ambao kiumbe kimekaa mbele ya huo mwanga. Punguza kasi ya maji nusu, dozi inakuwa mara mbili. Bakteria na mwani unaoelea unatosheka na dozi ndogo, vimelea wa samaki wanataka kubwa mara kadhaa. Kwa hiyo boksi likiandika "inafaa tanki mpaka lita 1,000" bila kukwambia kwa kasi gani na dhidi ya kitu gani, hilo ni tangazo tu, lipite.

Sasa mtego uko hapa. Ukipunguza kasi sana ili upate dozi kubwa, maji yanayopita kwa saa yanakuwa machache, na yale yaliyopita yanarudi kuchanganyika na ambayo hayajapita. Chukua tanki la lita 400 na UV inayovuta lita 400 kwa saa, mtu anasema ah, kila saa tanki zima limesafishwa. Hapana. Baada ya saa moja kama asilimia 37 ya maji bado hayajapita hata mara moja, baada ya saa tatu ndo inabaki kama asilimia 5. Ni hesabu ya kuchanganya tu, wala sio siri. Kwa hiyo unataka taa yenye nguvu ya kutosha mpaka uweze kupitisha maji mengi NA dozi ibaki kubwa, na hiyo ndo sababu wati 9 kwenye tanki la samaki wengi ni kujifariji.

Tuje kwa madoa meupe maana ndo yanayouza hizi mashine. Kimelea anaitwa Cryptocaryon irritans. Zile chembe kama chumvi unazoziona kwenye mwili wa samaki, kimelea yuko chini ya ngozi tayari, UV haimfikii. Anakula humo siku 3 hadi 7, anadondoka, anajishikiza kwenye jiwe au mchanga na kujifungia kwenye gamba, UV haimfikii huko pia. Ndani ya gamba anagawanyika, inaweza kuchukua siku 3 au ikavuta mpaka 72, halafu watoto wanatoka kuogelea kutafuta samaki, mara nyingi gizani au kabla ya kupambazuka, na wasipopata samaki ndani ya siku moja au mbili wanakufa. Hapo tu, kwenye hiyo safari, ndo UV ina nafasi, na ni kwa wale watakaovutwa na pampu kabla hawajamkuta samaki. Af fikiria kangaja anavolala: anajibana kwenye tundu lile lile la jiwe kila usiku, na magamba yamedondoka hapo hapo pembeni yake. Mtoto wa kimelea akitoka ana safari ya sentimita chache. Pampu yako iko mwisho wa tanki. Nani atafika kwanza?

Ndo maana nasema inapunguza makali. Wimbi la vimelea linakuwa dogo, samaki mwenye afya anapata nafasi ya kujijengea kinga, na kwangu mimi tofauti niliyoiona na hii ya wati 25 ni kwamba kangaja akipata stresi, mfano nikihamisha mawe, anatoka madoa mawili matatu kwenye mapezi yanaisha bila kusambaa kwa wengine. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini kama una hela ya kitu kimoja tu, UV au tanki dogo la karantini, chukua karantini bila kufikiria mara mbili. Tanki la plastiki, hita, sponji na dawa ya kopa (shaba) haifiki hata nusu ya bei ya UV nzuri, na yenyewe inamaliza ugonjwa nje kabla haujaingia kwenye matumbawe ambako huwezi kutia kopa. Ukishaingia, njia inayoeleweka ni kutoa samaki wote na kuacha tanki bila samaki, wafugaji wengi wanahesabu siku 76 ili kupita zile 72 za gamba. Na kwenye tanki la dawa UV inazimwa, kuna kopa zilizofungwa na kemikali nyingine ambazo UV inazivunja na vipimo vyako vyote vinakuwa uongo.

Dino sasa. Hapa ndo UV ilinishangaza kwa uzuri. Kama hujawahi kupata dino mshukuru Mungu, ni ute wa kahawia unaofunika mchanga na mawe, una nyuzi nyuzi zenye vipovu vya hewa kwenye ncha, asubuhi unaona umepungua unafurahi, ikifika saa tisa mchana umerudi wote na konokono wako wamelala chali. Mara nyingi unakuja kwenye matanki "masafi", nitreti na fosfeti zimesomeka sifuri, mtu kajisifia skima yake (mashine ya kutoa uchafu kwa povu) wiki nzima. Kabla ya kununua chochote chota ute kwenye glasi, tikisa kwa nguvu mpaka uvunjike, chuja kwa tishu, yale maji yaliyochujwa yaweke chini ya taa kama saa moja. Yakirudi kushikana na kufanya utando tena, hiyo ni dino. Halafu tafuta hadubini, hata ile ya kuchezea watoto ya kuunganisha na simu, maana hapa ndo pesa yako inapookolewa au kupotea: Ostreopsis ana umbo la chozi na anazunguka zunguka kama kafungwa kamba sehemu moja, huyu usiku anaachia mchanga anapanda kuelea kwenye maji, na UV inamkamata vizuri sana. Amphidinium wale wakubwa ni wabapa, wanateleza teleza wenyewe, na wanabaki mchangani usiku na mchana, ukiweka UV ya milioni watakuangalia tu. Kuna watu wananunua, haifanyi kitu, wanasema UV ni utapeli, kumbe hawakuangalia wana nani.

Kwa Ostreopsis ukubwa unaotakiwa ni mkubwa kuliko unavodhani, kanuni ya wafugaji ni kama wati 1 kwa kila lita 11 hivi, so tanki la lita 400 linataka wati 35 kwenda juu. Na usiifunge kwenye sampu! Vuta maji kutoka tanki lenyewe na yarudi tanki lenyewe, kwa sababu dino wanapanda juu ya tanki usiku na wengi hawashuki sampu kabisa. Mimi lile silinda la wati 55 nililining'iniza nyuma kwa mipira miwili na pampu ndogo, baya kuangalia, wageni wanauliza hiyo ni jenereta au nini, lakini maji yalianza kung'aa na ute ukawa unapungua asubuhi hadi asubuhi mpaka ukabaki kwenye kona zisizo na mtiririko tu. Sambamba na hilo nikapandisha nitreti ikae 5 mpaka 10 na fosfeti isishuke chini ya 0.05, maana UV peke yake inafagia na sababu ya tatizo inabaki palepale. Huyo bwana wati 55 nampa sifa yake yote kwa hiyo kazi.

Ila sifa zinaishia hapo, maana lina makosa yake. Balasti (kile kifaa cha kuendesha taa) inachemka mpaka huwezi kuweka mkono, maungio ya mipira ni ya plastiki nyepesi inayopasuka ukikaza kidogo zaidi, na oringi (ule mpira wa kuzuia maji) ilianza kuvuja matone kwenye chumvi, chumvi ikatambaa mpaka kwenye waya. Maji ya chumvi na umeme havitaniani. Ukilinunua hakikisha nyaya zote zinashuka chini ya soketi kabla ya kupanda, na soketi iwe kwenye breka ya kukata umeme ukivuja, sio ekstenshen ya kichochoroni. Bei laki mbili na nusu mpaka tatu, kwa kazi ya muda sawa, kwa kuishi nalo miaka sikushauri.

Ile ndogo ya kutumbukiza ya wati 9 haifiki laki, na kwa tanki la lita 60 hadi 80 lenye maji ya kijani inafanya kazi, siku chache tu maji yanarudi kuwa kioo. Zaidi ya hapo hakuna. Muuzaji aliniambia "kaka hii inaua kila kitu", nikamuuliza kwa lita ngapi kwa saa, akasema "wewe iweke tu". Pampu yake inasukuma maji kwa kasi kubwa mno, hakuna dozi yoyote ya maana inayopatikana, na sponji ikijaa kasi inashuka yenyewe, so dozi yako inategemea uchafu wa sponji. Halafu angalieni kitu kimoja, zipo mashine zinaitwa UV zina LED za zambarau tu, hiyo ni UVA, haiui chochote cha maana. Kama maelezo hayataji UVC wala nanomita, rudisha kwenye rafu.

Aqua UV wati 25 ndo ninayokaa nayo. Ukijumlisha bidhaa, usafiri na ushuru inaenda kwenye milioni, haina utani hiyo hela. Unacholipia ni ganda nene, maungio ya yunioni ya PVC ambayo fundi bomba yeyote wa mtaani anayaelewa, jedwali la kasi kwa kila dozi linalosema pia kwamba ile dozi ni ya taa iliyofika mwisho wa maisha sio taa mpya, na mimi nilichukua ile yenye waipa, kishikio unavuta na kusukuma kinasugua mrija wa kwatzi bila kufungua kitu. Hiyo waipa usiidharau. Mrija unajenga utando mweupe wa chokaa na ute, na utando huo unazuia mwanga kama pazia. Ukifungua isiyo na waipa baada ya miezi kadhaa unakuta mrija umekuwa wa maziwa, unapitisha kidole unaacha mstari, taa inawaka vizuri kabisa nyuma yake na hakuna UVC inayotoka ya maana. Loweka kwenye siki, futa na kitambaa laini, usishike kwatzi na mikono yenye mafuta. Na taa yenyewe ni ya saa 8,000 hadi 9,000, mwaka mmoja una saa 8,760, yani kila mwaka unabadilisha hata kama bado inawaka bluu, ule ubluu sio kipimo. Kabla hujanunua mashine yoyote uliza bei ya taa ya akiba na kama inapatikana. Kwa zile za Kichina mara nyingi inakuwa rahisi kununua mashine nzima mpya, hilo nalo lihesabu. Taa ya zamani ina zebaki, usiivunje vunje jalalani.

Gharama ambayo watu wa nchi za baridi hawaizungumzii ni joto. Wao wanaona sawa tu, inasaidia hita. Sisi Dar mwezi wa pili maji yamefika nyuzi 30 bila kuwasha chochote, halafu unaongeza wati 55 masaa 24. Kama joto lisingepotea popote, wati 55 siku nzima zinaweza kupandisha lita 400 zaidi ya nyuzi 2. Linapotea kwa kuvukizwa na kwa feni, kweli, ila hiyo feni nayo inaongeza maji ya kujazia na kama una chila (mashine ya kupoza maji) basi chila inalipia UV mara ya pili kwenye LUKU. Yenyewe wati 25 inakula kama yuniti 18 kwa mwezi, wati 55 kama 40, pampu bado. Ndo sababu nyingine nikashuka kwenye 25 baada ya dino kuisha. Wanaofuga Muscat na Dubai wanajua zaidi yangu hili la chila.

Na umeme ukikatika? UV yenyewe ikizima haidhuru kitu, ila hakikisha pampu na taa viko kwenye swichi moja, kwa sababu taa ikiwaka na maji yamesimama ndani ya silinda, yanachemka humo, mrija unaweza kupasuka. Kuwasha na kuzima kila saa pia kunafupisha maisha ya taa, so wale wa taima ya usiku tu, fanyeni kipindi kimoja kirefu basi.

Kuna uoga wa kwamba UV inaua "bakteria wazuri". Wale wanaokula amonia wanaishi juu ya mawe na mchanga, hawaelei kwenda kwenye taa, tanki lako halitaanguka. Kinachokufa kweli ni vinavyoelea, ikiwemo fitoplankton (mwani mdogo unaoelea) unayomimina kwa ajili ya matumbawe na makopepodi (vidudu vya majini) wadogo wanaopita, kwa hiyo zima masaa machache ukilisha au ukitia bakteria wa chupa. Mwani wa nywele ulioshika kwenye jiwe haushughulikiwi kabisa, saiano (bakteria wanaofanana na mwani) ya zulia jekundu vile vile, na maji ya njano ni kazi ya kaboni ya kuchujia. Mtu akikuuzia UV kwa mwani wa nywele mwambie asante.

Kwa sisi wa maji ya kuchota kuna matumizi mengine ambayo nadhani yanastahili kuliko yote na hayasemwi: pitisha maji mapya kwenye UV kabla hayajaingia tankini. Pipa la lita 100, sponji au soksi ya kuchujia kwanza maana maji yenye vumbi yanakula mwanga, halafu pampu ndogo izungushe maji kwenye UV usiku kucha. Pale hakuna mawe ya kujificha wala samaki wa kukimbilia, kila kinachoelea kitapita tu mara nyingi, na hapo hata mashine ya wati 9 inajitetea. Mafuta na kemikali za karibu na bandari haitoi lakini, kwa hiyo sehemu ya kuchota bado ni ile ile ya mbali na mito na mitaro, maji yakiwa yamejaa.

Kwa hiyo nani anunue. Una samaki wa jamii ya kangaja na tanki kuanzia lita 300, karantini unayo tayari, chukua wati 25 kwenda juu, ya kampuni inayotoa jedwali la dozi na inayouza taa za akiba. Una Ostreopsis umemuona kwa macho kwenye hadubini, chukua silinda kubwa la bei nafuu au azima kwa mtu, likimaliza kazi uliuze. Una kitanki cha lita 80 cha matumbawe laini na klaunfishi wawili, acha, nunua chumvi na vipimo. Na ukipata ya mkononi, mwambie muuzaji afungue mbele yako, angalia mrija wa kwatzi kama una ufa kwenye shingo pale oringi inapokaa, angalia plastiki ya ndani kama imeanza kuwa unga unga kwa kuliwa na mwanga, hesabu bei ya taa mpya kwenye bei yake, na akitaka kukuwashia taa ikiwa nje ya ganda kukuonyesha kwamba inawaka, mzuie, geuza uso, hayo macho yatawaka usiku mzima kama ya fundi wa kuchomelea aliyesahau miwani.